Maji ya Mlimani: Kutoka Mombasa hadi Nyeri na Ukingo wa Jangwa

Sisi watu wa mwambao tukisema "bara" aghlabu huwa tumekusanya mambo mengi katika neno moja: baridi, udongo mwekundu, viazi, kabichi, na watu waendao kwa haraka. Mtu akitwambia kuwa ana safari ya Nyeri, swali la kwanza tumwulizalo ni la sweta, na la pili ni la chakula: je, nyama ya halali itapatikana? Ni maswali ya haki, na majibu yake tutayatoa humu. Lakini baada ya siku kumi na moja za kuuzunguka Mlima Kenya kwa gari, tumerudi nyumbani na swali la tatu ambalo twaona lingestahiki kuyatangulia hayo mawili. Nalo ni swali la maji: yatoka wapi, yaenda wapi, na nani ana haki ya kuyatumia yanapokuwa machache.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la abiria lililostaafu, ambalo seremala na mchomeleaji waliligeuza nyumba. Viti vya nyuma viling'olewa, vikawekwa vitanda vya kukunja, jiko la gesi, kabati la vyombo, na tangi la maji la lita 60 chini ya kitanda. Madirisha yalitiwa mapazia mazito. Tulikuwa saba: bibi yetu mwenye miaka 71, watu wazima watatu, vijana wawili, na mtoto wa miezi minane anayenyonya. Gari la namna hii lina fadhila ambayo akina mama wataifahamu upesi, nayo ni stara. Popote lisimamapo, mama hunyonyesha, hubadili nguo, hutia udhu na kuswali pasi na kuomba chumba kwa mtu. Mwenye kusafiri na watoto anajua uzito wa neema hiyo.

Jambo jingine lilitupendeza tangu siku ya kwanza. Mombasa na Makka zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, hata Kibla chetu kikawa ni kaskazini takriban kamili. Ukifika Nyeri, ulioko magharibi zaidi, Kibla husogea kidogo tu upande wa mashariki, kiasi cha nyuzi saba. Kwa hivyo kila tulipozidi kupanda bara, kwa jumla tulikuwa tukielekea upande ule ule ambao nyuso zetu huelekea mara tano kwa siku. Vijana walipojua hivyo, hawakuhitaji tena kuuliza Kibla. Walitazama jua na barabara, wakatandika misala.

MLIMA HUFICHUA

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na katika masafa hayo gari hupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Mpando huo hauhisiki, kwani umetawanywa katika nyika za Voi, Mtito Andei na Emali. Nairobi tulilala, na asubuhi tukashika njia ya Thika. Baada ya Kenol barabara hushuka taratibu hadi Sagana, mahali penye joto na mito, kisha huanza kupanda kuelekea Karatina. Ni katika mpando huo ndipo mshale wa joto ulipoinama upande wa hatari, na mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti.

Tuliegesha kando, tukazima injini, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, na tukangoja. Kungoja ndiko kazi yenyewe. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kamwe, kwani maji yaliyo ndani huruka kwa nguvu na kuunguza uso na mikono. Baada ya saa nzima tulifungua, tukaongeza maji, tukaenda mwendo wa pole hadi Karatina, na siku ile ile tukaingia Nyeri jua likiwa linazama nyuma ya milima ya Nyandarua.

Tulifikia kwa jamaa wa mbali, familia ya Kiislamu. Mama wa nyumba ile alizaliwa Karatina, akasilimu kabla ya kuolewa, na Kiswahili chake kina ladha ya Kikikuyu na heshima ya chuoni. Usiku ule bibi yetu, ambaye hakubali kukaa bure katika jiko la mtu, alishika chungu cha maharagwe. Saa moja ikapita, saa ya pili ikapita, maharagwe yakawa bado yanagongana sufuriani kama kokoto. Bibi alianza kuyashuku maharagwe yenyewe.

"Shosho," mwenyeji wetu alimwambia, akitumia neno la Wakikuyu la kumwita bibi, "huku kwetu maharagwe hayana haraka. Huloweka tangu jana, kisha huwekewa kifuniko kizito."

"Na maji mbona yachemka?" bibi aliuliza.

"Yachemka, lakini si moto wa kwenu."

Alisema kweli. Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu, haiyakandamizi maji kwa uzito ule ule, na kwa sababu hiyo maji huchemka mapema, yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yakishachemka hayapandi tena, hata uongeze kuni za aina gani. Ndiyo maana wali, maharagwe na nyama ngumu huchukua muda mrefu zaidi mlimani, na ndiyo maana sufuria yenye kifuniko cha kukaza, ile inayopiga filimbi, imekuwa rafiki wa kila nyumba. Kifuniko kile huufungia mvuke ndani, mvuke huyakandamiza maji, na maji hukubali kuwa na moto zaidi kabla ya kuchemka.

Kesho yake asubuhi, katika vibanda vya mafundi wa jua kali, tulisikia somo lile lile kwa lugha ya spana. Fundi, mzee mwenye mvi na koti lililolowa mafuta, alikitoa kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akabonyeza springi yake kwa kidole. Mpira wake ulikuwa umekauka na springi imelegea. Alitueleza kuwa rejeta ni sufuria ya kukaza: kifuniko kizima huyawezesha maji ya injini kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa nyuzi 20 hivi au zaidi. Kifuniko kilichochoka hakifanyi kazi hiyo. Pwani, ambako njia ni tambarare na maji yenyewe huchelewa kuchemka, gari hujiendea miezi na miezi na maradhi yake ndani. "Mlima hauvunji gari," alisema fundi. "Mlima hufichua."

Kisha, bila kuombwa, akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa tungu. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Yakishachanganyika na maji, huchemka breki zinapopata moto wa mteremko mrefu, na hapo mguu wa dereva huzama hadi sakafuni pasipo kitu. Fundi aliyamwaga yote, akatia mapya, akatoa hewa katika mifereji, akatuusia: "Mkipita Timau mnashuka Isiolo. Shukeni kwa gia, msishuke kwa breki."

NYERI YENYEWE

Kwa kuwa gari lilikuwa gereji, tulipata siku tatu za kuujua mji. Nyeri uko kati ya milima miwili: Nyandarua upande wa magharibi, na Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, upande wa mashariki. Kilele chake cha Batian kina mita 5,199, na hakionekani ila alfajiri au baada ya mvua. Waingereza waliweka ngome yao hapa mwishoni mwa mwaka 1902. Katika misitu ya wilaya hii ndimo Dedan Kimathi alimokamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari mwaka uliofuata. Na katika uwanja wa kanisa la mjini amezikwa Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, aliyefariki Januari 1941. Vijana wetu, ambao shule yao ina maskauti, walitaka kupaona.

Lakini aliyetushughulisha zaidi ni binti wa kijiji cha Ihithe, Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, chama kilichowashika akina mama wa vijijini mkono ili wapande miti. Hoja yake ilitokana na mashaka ya jikoni: mama alikuwa akitembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni na maji. Miti ikirudi, chemchemi hurudi. Dunia ilimtunuku Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Kwetu sisi, ambao mafundisho ya dini yetu yanauhesabu mti aupandao Muislamu kuwa ni sadaka kwa kila ndege, mnyama na mtu atakayeula, kazi ile si ngeni hata kidogo.

Ijumaa tuliswali msikitini mjini. Safu zilikuwa na Wasomali, Wakikuyu, na wazee ambao nasaba zao zinarudi kwa wapagazi, askari na wafanyabiashara waliopanda bara zama za mwanzo wa ukoloni. Miji ya huku ina mtaa uitwao Majengo: upo Nyeri, upo Nanyuki, upo Meru. Jina hilo ni la Kiswahili, na ndani yake mna historia ya Waislamu waliojenga nyumba zao kandoni mwa miji ya wakoloni, wakaleta chuo, maulidi na kanzu katika nchi ya migunda ya chai. Mwenye kufika asione haya. Aulize Majengo, na aghlabu ataoneshwa msikiti na bucha.

Kuhusu chakula, jibu la swali la pili ni hili. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, mukimo wa viazi na mboga, ndizi, maziwa na chai nzito, vyote ni vyema na rahisi. Nyama tulinunua kwa Waislamu. Kitu kimoja watoto waonywe: ile soseji nene ichomwayo kando ya njia, iitwayo mutura, hutiwa damu, nayo haitufai. Ama soko la Karatina, ambalo sifa yake imeenea nchi nzima, tulikaa asubuhi nzima na bado hatukulimaliza. Wauzaji ni akina mama, na wanapanga viazi, karoti na parachichi kwa mafungu yaliyonyooka kama safu za swala. Hapo tulinunua majani ya chai na sukari, ambavyo vilikuja kuwa na kazi tusiyoitazamia.

NANYUKI, TIMAU NA MTEREMKO

Kutoka Nyeri hadi Nanyuki nchi hubadilika. Mashamba madogo ya kahawa na chai hukoma, na nyasi za Laikipia huanza. Kusini kidogo ya mji wa Nanyuki mstari wa ikweta huikata barabara, na pana bango ambalo kila mgeni hupigwa picha chini yake. Vijana wa pale huwaonesha wageni bakuli lenye tundu, wakidai kuwa hatua chache kaskazini maji huzunguka upande mmoja, na hatua chache kusini huzunguka upande mwingine. Mzunguko wa dunia kweli hupinda pepo na tufani, lakini nguvu yake ni ndogo mno kwa bakuli. Maji huzunguka kwa jinsi yalivyomiminwa. Tuliwalipa kwa ustadi wa mikono yao, na watoto wakapata funzo la kutazama mara mbili.

Baada ya Timau, palipo zaidi ya mita 2,000, ngano na mashamba ya maua yametandazwa hadi mguuni mwa mlima. Kisha, ghafla, ardhi hufunguka mbele yako: chini kabisa, katika ukungu wa joto, waiona nchi ya kaskazini, tambarare isiyo na mwisho, na vilima vyake vimesimama kama majahazi yaliyotia nanga. Mteremko ni wa zaidi ya mita elfu moja hadi Isiolo. Tulishuka kwa gia ya pili, na malori yaliyobeba mizigo yakishuka mbele yetu kwa subira ile ile. Breki hazikutoa hata harufu.

Isiolo ulitupokea kama nyumbani. Ni mji wenye misikiti, mikahawa ya nyama ya ngamia, buibui na baraghashia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwapa makao hapa askari Wasomali waliomaliza utumishi, na Waborana, Wasamburu, Wameru na Waturkana nao ni wenyeji. Hapo ndipo mlima huishia na kaskazini huanza.

MAJI MACHACHE

Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, kiasi cha kilomita 500, ilikuwa ya mawe na vumbi, na magari yakienda kwa misafara kwa ajili ya usalama. Sasa ni lami tupu, iliyokamilika katika muongo uliopita. Tulikusudia kufika Marsabit, kilomita 260 hivi. Tulivuka mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, tukaupita mlima wa Ololokwe wenye kichwa bapa, tukazipita Sereolipi, Merille na Laisamis. Mbele ya Laisamis ni jangwa la Kaisut: changarawe nyeusi, vijiti vya miiba, na upepo. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia mpira wa juu wa rejeta ulipopasuka.

Mpira ule tuliuziwa kama mpya katika duka moja la vipuri kabla ya safari. Ndani ulikuwa mkavu na wenye nyufa. Maji yote ya injini yalimwagika juu ya lami na kukauka tukiyatazama. Tuliufunga mpira kwa kitambaa na kamba, tukatia lita ishirini, yakamwagika. Tukaufunga upya, tukatia nyingine; zikamwagika pia. Ndipo tulipopima kilichobakia tangini: lita kumi na tano. Watu saba, mmoja mzee, mmoja anyonyeshaye, jua la saa nane mchana, na simu zisizo na mtandao.

Tulishauriana, na hukumu ikawa wazi: injini haipati tone jingine. Kilichobakia ni cha kunywa. Na likifuatia hilo, tukawa hatuna maji ya udhu.

Bibi ndiye aliyesimama kutufundisha. Alijifunza tayammamu chuoni akiwa msichana, na kwa miaka sitini, akikaa karibu na visima na mifereji ya mjini, hakuwahi kuihitaji. Lakini elimu ilikuwapo, imehifadhiwa kama leso ya harusi sandukuni. Alitwambia kwamba aliye na maji anayoyahitajia kwa kiu, yake au ya wenziwe, huyo mbele ya sheria ni kama asiye nayo. Akatafuta pahali penye vumbi safi, si changarawe. Akatia nia ya kuhalalishiwa swala, akapiga pigo la kwanza kwa ajili ya uso. Akavua pete, akapiga pigo la pili kwa ajili ya mikono hadi visuguduni. Tuliswali Adhuhuri rakaa mbili, kisha kila mmoja akatayammamu upya, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi tayammamu moja hutosha faradhi moja, tukaswali Alasiri rakaa mbili pamoja nayo. Masuala ya undani wake msomaji awaulize masheikh. Sisi twasema tu kwamba vijana wetu walikuwa wameisoma tayammamu vitabuni mara nyingi, na hawakuwahi kuielewa hadi walipoona mzee akipuliza vumbi viganjani huku mtungi wa maji uko hatua tatu kutoka kwake.

Tulipokuwa bado misalani, alikuja mama mmoja wa Kirendille na punda wawili. Kila punda alibeba mitungi miwili ya lita ishirini. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache. Aliangalia boneti iliyo wazi, akaangalia mtoto, akaelewa. Akaanza kufungua kamba ya mtungi mmoja, akaunyoosha mkono kuelekea rejeta.

Bibi alimwuliza kwa ishara: mbali? Yule mama alionesha pale jua lichomozapo, kisha akaonesha utosini. Alikuwa ameondoka alfajiri.

Hapo kila mmoja wetu alinyamaza. Lita ishirini zingetosha, labda, kutufikisha mahali. Nazo zilikuwa robo ya matembezi yake ya siku nzima, na nyumbani kwake palikuwa na watoto na mbuzi waliokuwa wakizingoja. Kukataa kabisa mkono ulionyooshwa kwa wema kungekuwa ni ufedhuli. Kuyamimina maji yale katika chuma ilhali barabara ina magari kungekuwa ni dhulma. Bibi akachukua kikombe kimoja, akanywa kwa mikono miwili, akampa mtoto tone, akamrejeshea kamba ya mtungi aifunge. Kisha akamtolea majani ya chai na sukari ya Karatina. Yule mama aliyanusa majani, akacheka, akawahimiza punda wake.

Lori lilikuja karibu na Magharibi, likitoka Moyale. Dereva, Mborana, alitusalimu kwa salamu ya Kiislamu kabla ya kuuliza lolote. Ufa ulikuwa karibu na ncha ya mpira. Akaikata ncha ile kwa kisu, akaurudisha mpira uliobakia, akaukaza, akauzungushia utepe wa tyubu ya tairi. Akajaza rejeta kwa maji ya pipa lake. Kisha akakifunga kifuniko nusu tu, kwenye kidato cha kwanza, na akaeleza sababu: kifuniko kikikazwa kabisa, nguvu ya mvuke itaupasua tena mpira uliochoka, kikilegezwa, maji yatachemka mapema, lakini mpira utanusurika, maadamu tunaenda polepole na kusimama mara kwa mara. Kile kile kilichokuwa ugonjwa mlimani kikawa dawa jangwani. Alitufuata nyuma hadi Laisamis, akakataa malipo, akaomba dua.

Marsabit tukaiachia safari nyingine, inshaallah. Mpira mpya ulipatikana Isiolo.

MAJI YAENDAKO

Tulirudi kwa upande wa mashariki wa mlima: Meru, Chuka na Embu. Meru ni nchi ya rutuba ya kushangaza, na katika vilima vya Nyambene vilivyo karibu hutoka miraa, ambayo nyumba nyingi za pwani zinajua gharama yake kwa pesa, kwa usingizi na kwa baba asiyeonekana jioni. Kabla ya Chuka barabara hujipinda na kushuka hadi daraja la Nithi. Hapo, Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Tulipita kwa gia ya chini, tukiwaombea dua wafiwa, tukikumbuka kikopo cha mafuta meusi ya breki kule Nyeri.

Baada ya Embu ni tambarare za Mwea, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Mradi huu ulianza miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Ndiko utokako pishori, mchele unaonukia katika biriani zetu za harusi.

Hapo picha yote ilitutimilia. Mlima mmoja, na maji yake yamegawanywa. Ya Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru huteremka hadi mto Tana, ambao husafiri kiasi cha kilomita elfu moja na kuingia baharini Kipini, katika mwambao wetu. Ya upande wa kaskazini na magharibi hujaza Ewaso Ng'iro, ambao hauioni bahari. Huenda ukapungua, ukapungua, hadi ukaishia katika bwawa la Lorian. Njiani, mashamba makubwa ya Nanyuki na Timau huteka sehemu yake, na kila kiangazi wafugaji wa chini huuliza yamekwenda wapi. Barafu ya kilele nayo imepungua sana. Kwa hiyo anayekata mti Nyeri, anayefungulia mfereji Timau, na anayeoshea gari kwa mpira ulioachwa wazi Mombasa, wote wanakunywa katika kisima kimoja na watu wasiowajua.

Kwa familia zitakazotaka kusafiri, twausia haya. Kagueni kifuniko cha rejeta, mipira yake na mafuta ya breki kwa fundi mnayemwamini kabla ya kupanda bara. Chukueni maji ya kunywa katika vyombo mbali na maji ya gari, na muamue mapema kuwa hayatachanganywa. Wafundisheni watoto tayammamu kwa vitendo, nyumbani, kwenye vumbi la kweli. Bebeni majani ya chai na sukari zaidi ya haja yenu. Na mnapotia udhu kesho alfajiri kwa maji ya mfereji, fungueni kidogo; hata aliye kando ya mto unaopita ameusiwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, asifanye israfu.

Wabillahi tawfiq.